Muhula mmoja Edinburgh: shajara ya maandalizi, makosa na gharama

Mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu, mzaliwa wa Kongwa. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu watakaoomba nafasi ya kusoma muhula mmoja Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Nilipoanza kutafuta maelezo nilipata picha nyingi za watu wamesimama kwenye baridi, lakini hesabu hakuna. Ufadhili wangu unalipa ada, tiketi ya ndege na posho ya paundi 900 kwa mwezi kwa miezi minne. Mengine yote ni juu yangu. Paundi moja naihesabu kwa shilingi 3,500 mwanzo hadi mwisho, ili hesabu isiyumbe.

12 Machi 2024: Kozi kwanza

Nimeanza na kozi, kabla ya pasipoti na viza. Kule muhula mmoja ni krediti 60, na kwa kawaida ni kozi tatu za krediti 20. Habari njema ni kwamba krediti moja ya Uingereza inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ya kwetu Tanzania ni saa 10 vilevile. Kwa hiyo 60 za kule ni 60 za hapa, hakuna kugawa wala kuzidisha. Nimechagua kozi tatu, mkuu wa idara amesaini, na nakala nimeihifadhi sehemu mbili. Gharama mpaka leo: kutoa kopi tu.

19 Julai 2024: Viza imekataliwa

Masomo yasiyozidi miezi sita hayahitaji viza ya mwanafunzi. Viza ya kawaida ya mgeni inatosha, mradi chuo kiwe kimesajiliwa na barua yake itaje kozi, muda na ada. Mwaka 2024 ilikuwa paundi 115, na ukiwa nayo hulipi ule mchango wa huduma za afya wala hupimwi kifua kikuu, ila huruhusiwi kufanya kazi yoyote. Muhula wa kwanza unaanza Septemba na kuisha Desemba, kwa hiyo nimo ndani ya miezi sita.

Nilituma maombi tarehe 1 Julai. Leo nimepata jibu: nimekataliwa, na kosa ni langu.

Wiki mbili kabla ya kuomba, mjomba alinitumia shilingi milioni sita benki ili taarifa yangu ya akaunti ionekane imeshiba. Kila mtu niliyemuuliza alisema ndivyo watu wanavyofanya. Barua ya kukataliwa imeligusa hilo moja kwa moja: akaunti ilikuwa ikiingia laki moja, laki mbili, mara ghafla milioni sita, na hakuna maelezo zimetoka wapi. Nami kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba ni akiba yangu. Nilifanya mambo mawili yenye uzito. Niliweka hela isiyo yangu, kisha nikaiita yangu. Ningekuwa mimi ndiye ninayeisoma ile karatasi, nami ningesita.

La pili, nilibandika barua ya serikali ya mtaa na leseni ya biashara ya mama kama zilivyo, kwa Kiswahili. Hati isiyo ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri yenye tarehe, jina na saini ya mfasiri, njia ya kumpata, na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. Bila hivyo ni kama hukupeleka kitu.

Viza ya namna hii kwa kawaida haina rufaa. Unaomba upya na unalipa upya.

Marekebisho: hela ya mjomba nimeirudisha yote. Mahali pake nimeweka barua ya ufadhili inayotaja posho kwa tarakimu, mwezi hadi mwezi, na taarifa ya benki ya miezi sita ikiwa vilevile ilivyo, na umaskini wake. Kukataliwa kule nimekutaja mwenyewe kwenye fomu mpya, kwa sababu wanauliza na rekodi wanazo. Mfasiri ametoza 30,000 kwa ukurasa, kurasa tatu. Ada ya viza ya pili, 402,500. Mama ametoa nusu yake kwenye mtaji wa duka, na hilo limeniuma kuliko barua yenyewe.

15 Agosti 2024: Imetoka

Wiki tatu kasoro siku moja tangu nitume tena. Bima ya safari nimekata, 180,000.

24 Agosti 2024: Chumba

Hosteli za chuo ziliwahiwa na walioomba mapema. Mimi wiki hizo nilikuwa nahangaika na viza ya pili, kwa hiyo kosa la Julai limeendelea kunigharimu hadi Agosti. Na Agosti ndio mwezi mbaya kuliko yote kutafuta chumba Edinburgh, maana ni msimu wa tamasha kubwa la sanaa na mji umejaa wageni wanaolipa kwa usiku mmoja.

Nilipata tangazo la chumba Marchmont, paundi 480, picha nzuri, dakika kumi kwa miguu hadi chuoni. Mwenyewe akaniita "my dear" kila sentensi na akataka dipoziti itumwe siku hiyohiyo kwa sababu "wengine wanasubiri". Nikamwomba anioneshe chumba kwa video. Akasema yuko safarini. Lugha hiyo tunaijua, ni ya madalali wa viwanja hewa.

Kilichonisaidia: Scotland, mwenye nyumba anayepangisha lazima asajiliwe, namba yake ya usajili inatakiwa iwe kwenye tangazo, na rejista iko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote. Niliandika anwani ile, haikuwemo. Nikaachana naye. Siku tatu baadaye nilipata chumba karibu na Leith Walk, flati ya watu watatu, paundi 620 kwa mwezi. Anwani imo kwenye rejista, na mwenye nyumba mwenyewe alinizungusha kila chumba kwa video mpaka chooni.

Mambo mengine mawili ya kujua. Dipoziti huko haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Sheria inamtaka aipeleke kwenye mfuko maalumu wa kutunza dipoziti ndani ya siku 30 za kazi, na mgogoro ukitokea mfuko ndio unaoamua. La pili, mkataba wa kawaida wa pango hauna mwisho uliopangwa. Unaondoka kwa kutoa notisi ya siku 28. Hili la pili nililisoma vizuri kabisa, na bado nitalikosea, kama mtakavyoona Novemba.

9 Septemba 2024: Nimefika

Nimefika tangu tarehe 7, kupitia Doha. Kadi ya benki ilikataa uwanja wa ndege wa Edinburgh, kwa sababu sikuiambia benki yangu inifungulie matumizi ya nje. Nilikuwa na paundi 150 taslimu na ndizo zilizoniokoa siku tatu. Dereva wa basi harudishi chenji, kwa hiyo uwe na sarafu kamili. Nauli mwaka 2024 ilikuwa paundi 2. Koti na viatu nimenunua kwenye maduka ya mitumba ya hisani, paundi 74 vyote. Usinunue koti Kariakoo. Lile wanaloliita la baridi halizuii upepo wa huku.

29 Septemba 2024: Nilibadilisha kozi bila kuuliza nyumbani

Masomo yalianza tarehe 16. Moja ya kozi zangu tatu iligongana na nyingine kwenye ratiba, na mwisho wa kubadilisha ni wiki ya pili. Nikaona kozi ya historia ya uchumi wa makoloni, na humo ndani mada ya mpango wa karanga wa Tanganyika, ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanzia Kongwa. Kongwa! Jina la kwetu liko kwenye orodha ya masomo Edinburgh. Niliijaza fomu siku hiyohiyo, nikiwa na furaha, na sikuandika hata mstari mmoja kwa idara yangu.

Jana idara imejibu barua pepe niliyotuma kwa kuchelewa: kozi hiyo haimo kwenye makubaliano, krediti 20 haziwezi kuhesabiwa. Krediti 20 ni theluthi moja ya muhula. Maana yake ni kurudia kozi nzima mwakani na kulipa ada yake.

Ninachofanya sasa: nimekusanya maelezo rasmi ya kozi, saa zake, orodha ya vitabu, aina ya mitihani, na jedwali nililolichora mwenyewe linaloonesha kila mada inalingana na ipi katika kozi yetu ya lazima ya historia ya uchumi. Yote kwenye faili moja. Barua nimeianza kwa kuomba radhi kwa mkuu wa idara kabla ya kuomba kingine chochote, kwa sababu yeye ndiye aliyesaini na mimi nikamruka. Nimejaribu pia kumpigia. Nasubiri.

20 Oktoba 2024: Umeme, gesi na kuta zinazotoa jasho

Flati yetu inatumia mita za kulipia kabla, kwa umeme na kwa gesi. Niliposikia hivyo nilifurahi, nikasema hii ni LUKU, naijua. Siyo LUKU. Unapeleka ufunguo wa umeme na kadi ya gesi dukani, unajaza, unarudi kuchomeka. Kisha kuna tozo ya kila siku inayokatwa hata kama hujawasha taa. Mfano wa karibu ni kodi ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU, ila hii inakatwa kila siku ya Mungu. Wenzangu walisafiri wiki nzima, mita ya gesi ikaingia kwenye salio la dharura. Nilirudi usiku nikakuta redieta, vile vyuma vya kupashia nyumba joto, zimepoa, na nilipojaza paundi 10, sehemu yake ikaenda kwanza kulipa deni. Sasa tunajaza kila Jumapili kwa zamu, hata kama hakuna anayelala ndani.

Kosa kubwa zaidi ni la kufua. Nilikuwa naanika nguo juu ya redieta, madirisha yamefungwa ili joto lisitoke. Ilionekana ni akili. Asubuhi ya wiki ya tatu maji yalikuwa yanatiririka kwenye kioo kwa ndani, kama jikoni panapochemka maharage, yanashuka hadi kwenye mbao za dirisha. Nilivuta kitanda nikaona ukuta nyuma yake una madoa meusi, madogomadogo, yamejipanga kuanzia kona ya chini. Niliyagusa yakapakaza kidole. Kanga yangu moja iliyokuwa imening'inia hapo ilinuka kama gunia lililonyeshewa.

Unyevu wa nguo ukikosa pa kutokea unatafuta ukuta wa baridi, unageuka maji, kuvu inaota. Dawa tuliyoipata baada ya kujaribu mengi: kufungua dirisha robo saa asubuhi na robo saa jioni hata kama kuna baridi kali, kitanda kikae mbali na ukuta wa nje, nguo nzito zipelekwe kwenye duka la mashine za kukausha. Ukuta niliufuta kwa dawa ya kuvu, mara tatu. Doa limefifia, halijaisha. Nimelipiga picha na kumtumia mwenye nyumba leo, kabla hajaliona mwenyewe.

24 Oktoba 2024: Saa sita

Leo nimepoteza alama tano kwa sababu ya saa, na naomba msome hapa polepole.

Insha yangu ya kwanza ilitakiwa tarehe 24 Oktoba, 12:00. Mwezi uliopita niliinakili kwenye daftari kwa haraka nikaandika "saa 12". Leo asubuhi nikafungua daftari, nikasoma kilichoandikwa kama mtu yeyote wa kwetu anavyosoma: saa kumi na mbili, jioni. Nikaenda maktaba kuu ya George Square, ile iliyofunguliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Nikakaa napangilia tanbihi kwa utulivu kabisa. Nikawasilisha saa kumi kasoro dakika kumi. Mfumo ukaandika kwa rangi nyekundu kwamba nimechelewa.

12:00 ya kule ni saa sita mchana. Kila siku ya kuchelewa, hata ikiwa ni ya dakika chache, ni alama 5. Nimekaa pale ngazini nusu saa nzima nikiwa sina nguvu ya kuinuka.

Niliuliza kama naweza kuomba kusamehewa, nikaambiwa kwa upole kwamba kusoma saa vibaya si sababu inayokubalika. Ni haki.

Marekebisho: daftarini sasa kila muda naandika mara mbili, "12:00 / saa sita mchana", "09:00 / saa tatu asubuhi". Simu nimeiwekea kengele siku moja kabla. Na kumbukeni, Jumapili ijayo, tarehe 27, wanarudisha saa nyuma. Tofauti na nyumbani inatoka saa mbili kuwa saa tatu. Nimeshamwambia mama, asije akanisubiri.

14 Novemba 2024: Insha imerudi

58, ukitoa 5 ni 53. Kwa kule ni C. Ingebaki 58 ingekuwa C vilevile, kwa hiyo alama tano hazikubadilisha herufi, ila zimeshusha wastani.

Maoni ya mhadhiri ndiyo niliyoyahitaji. Nilikuwa nimeeleza mpango wa karanga wote, kwa usahihi: ujumbe wa Wakefield wa 1946 uliotumwa kukagua ardhi, waraka wa serikali wa Februari 1947 wenye ndoto ya ekari zaidi ya milioni 3 na gharama ya paundi milioni 24, vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, mizizi ya mibuyu na vichaka iliyovunja majembe, mpango kuachwa 1951, na zaidi ya paundi milioni 36 kufutwa kwenye vitabu. Pembeni ameandika: haya yote ni kweli, wewe unasema nini?

Nimefundishwa tangu sekondari kwamba insha nzuri ni ile isiyoacha kitu. Hapa insha nzuri ina hoja moja, na kila aya inaibeba au inaijaribu. Nilikwenda kumwona saa zake za wanafunzi. Akaniuliza kwa nini mimi, mtu wa Kongwa, nimeandika kana kwamba sijawahi kufika Kongwa.

Usiku nikampigia bibi. Mwaka 1948 alikuwa na miaka kumi na miwili. Anakumbuka mngurumo wa mashine kabla ya alfajiri, na udongo. "Mjukuu wangu, mfinyanzi wa kule mvua ikikatika unakuwa kigae. Baba yangu aliwaambia wenye trekta. Walicheka." Nilirekodi, nikafurahi, nikamwambia mhadhiri. Kumbe mahojiano na mtu yeyote, hata bibi yako mzaa mama, yanahitaji kibali cha maadili ya utafiti kabla hujauliza swali la kwanza. Rekodi ile siwezi kuitumia. Nimejaza fomu, nikasubiri kibali, nikampigia bibi upya, nikamsomea maelezo ya ridhaa kwa Kiswahili na kumwuliza maswali yaleyale. Safari hii alieleza zaidi, maana alikuwa amepata muda wa kukumbuka.

26 Novemba 2024: Notisi

Naondoka tarehe 20 Desemba. Nilitakiwa kutoa notisi si chini ya siku 28 kabla. Nilikuwa nimezama kwenye insha ya pili, nimetoa leo. Kodi italipwa hadi tarehe 24 ingawa sitakuwepo, kama paundi 81 za bure.

Jua sasa linazama kabla ya saa kumi jioni. Nilipuuza watu walioniambia giza litanichosha. Linachosha kweli. Nimeanza kutoka kila siku saa sita hadi saa saba mchana, kuzunguka viwanja vya The Meadows hata kama kuna manyunyu, na usingizi umekaa sawa. Natafuta unga wa ugali kwenye maduka ya karibu na Nicolson Square, upo.

19 Desemba 2024: Mwisho wa muhula

Mtihani mmoja, tarehe 12. Insha ya pili nimewasilisha siku mbili kabla ya muda. Hoja yake ni moja: mpango wa karanga haukushindwa kwa sababu ya mvua wala mashine tu, ulishindwa kwa sababu ulianza bila shamba la majaribio na bila kuwauliza waliokuwa wakiilima ardhi ile. Bibi yumo kwenye aya ya tatu na ya saba, kwa jina alilochagua mwenyewe.

Nilipokuwa naimalizia nilitambua kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapahapa kati ya 1949 na 1952. Wakati karanga za Kongwa zinafutwa kwenye vitabu vya serikali ya Uingereza, yeye alikuwa katika mji huu akisoma historia na uchumi. Nimepita George Square mara nyingi jioni nikiliwaza hilo.

17 Februari 2025: Matokeo na hesabu

Insha ya pili: 68. Kozi zote tatu nimefaulu, mbili kwa B na moja kwa C. Idara imeikubali kozi niliyoibadilisha, barua ilitoka tarehe 30 Januari. Jedwali la mada ndilo lililofanya kazi, wameniomba wakae nalo kama mfano. Lakini nimeishi miezi minne nikiwa sijui.

Dipoziti ya paundi 620 imerudi 575. Wamekata 45 za kusafisha kuvu. Mfuko ulinipa nafasi ya kubisha, sikubisha. Doa nililiweka mimi. Hela iliingia kwenye akaunti ya mwenzangu wa flati akanitumia, kwa sababu kwa viza ya mgeni sikuwa na akaunti ya kule.

Matumizi kule, kwa paundi: kodi 2,227, chakula 610, umeme na gesi 196, mabasi 88, koti na viatu 74, mashine za kukausha 48, simu 40, shuka na blanketi 35, makato ya dipoziti 45. Jumla 3,363 kati ya posho ya 3,600. Kabla ya safari nilitoa shilingi 1,075,000 kwa viza mbili, tafsiri na bima.

Makosa peke yake, yaani viza ya pili, siku nne za pango na kuvu, ni shilingi 845,000 hivi. Kilichobaki kwenye posho, paundi 237, nimebadilisha na kumrudishia mama mtaji wake kwanza.

Anayefuata anaondoka Septemba. Nimempa koti, vishikio viwili vya funguo vyenye sarafu za basi, na daftari lenye saa zilizoandikwa mara mbili. Taarifa yake ya benki ameanza kuitunza mwezi huu, bila hela ya mtu mwingine.